Vikombe Vinane vya Chai

Karatasi ilirudi siku ya Ijumaa ikiwa na alama mbili kati ya nne. Mwenye karatasi alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mwanafunzi wa shule ya upili katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mzaliwa wa Kisumu aliyehamia huko na mamake akiwa na umri wa miaka tisa. Ilikuwa mwishoni mwa Machi 2008. Theluji ilikuwa ingali imelala kandokando ya barabara, na mtihani wenyewe wa takwimu ulikuwa umebakiza majuma sita. Kilichomuudhi msichana yule si alama mbili bali mahali zilipopotelea. Hesabu yake ilikuwa sahihi tangu mwanzo hadi mwisho. Wino mwekundu ulikuwa chini ya sentensi mbili za mwisho, basi.

Mtihani huo ni mmojawapo wa ile iitwayo AP, ambayo mwanafunzi wa shule ya upili huifanya kwa kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Wa takwimu ulitahiniwa kwa mara ya kwanza mwaka 1997. Kufikia mwaka 2008 ulikuwa na sehemu mbili za dakika 90 kila moja: maswali 40 ya kuchagua jibu, na maswali sita ya kujieleza kwa maandishi. Alama za mwisho huanzia 1 hadi 5, na vyuo vingi humsamehe kozi mwanafunzi aliyepata 3 au zaidi. Kwa nyumba iliyolishwa na mshahara wa mama anayekesha katika makao ya wazee, kozi moja iliyosamehewa ni karo iliyopungua. Tena katika miaka hiyo jibu la kubahatisha lilikuwa na adhabu yake: kila swali lilikuwa na majibu matano, na kila kosa lilikatwa robo ya alama, ili mwenye kubahatisha maswali matano, akapata moja na kukosa manne, arudi nyumbani na sufuri. Adhabu hiyo iliondolewa mwaka 2011. Ni mtihani uliokuwa ukifundisha takwimu hata katika kanuni za kuusahihisha.

Mama naye alikuwa amefundisha Kiswahili katika shule za upili za Kisumu kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kuondoka. Alipofika Marekani alipeleka vyeti vyake kwenye ofisi inayotathmini shahada za kigeni, akapata barua fupi ya kumkatalia, akaitia katika droo ya jikoni chini ya bili za umeme, akaenda kutafuta kazi nyingine. Hakulizungumzia jambo hilo. Alichokataa kukiacha ni Kiswahili chenyewe: mezani pake hapakuzungumzwa lugha nyingine, na mtoto aliyetaka msaada wa masomo, hata ya hisabati, alilazimika kwanza kuyaeleza kwa Kiswahili.

Ndivyo sentensi zile mbili zilivyofikishwa mbele ya mwalimu wa lugha.

Swali lilihusu nyumbani kwao, jambo lililomfanya mama aache kupiga pasi sare yake na kuketi. Wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24, wasiotahiriwa na wasio na virusi vya Ukimwi, walikuwa wamejitolea kushiriki katika utafiti mjini Kisumu. Kwa njia ya bahati nasibu, 1,391 walipangiwa kutahiriwa mara moja na 1,393 wakapangiwa kungoja. Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu tofauti ilikuwa imekwisha kudhihirika na haikuwa haki kuendelea kuwangojesha wale wengine. Maambukizi mapya yalikuwa 22 katika kundi la kwanza na 47 katika kundi la pili. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwezi Februari 2007.

Msichana alikuwa amekokotoa asilimia 1.6 dhidi ya asilimia 3.4, akalinganisha tofauti hiyo na kiasi ambacho bahati peke yake huweza kuyumbisha hesabu ya makundi yenye ukubwa ule, akapata thamani ya p iliyo karibu na 0.002. (Watafiti wenyewe walitumia mbinu pevu zaidi, inayozingatia muda ambao kila mshiriki alifuatiliwa, kwa mtihani wa shule njia hii fupi yatosha.) Kisha akaandika, kwa Kiingereza, maneno ambayo sasa aliyatafsiri mezani:

“Uwezekano wa tohara kutokuwa na athari ni 0.002. Kwa hiyo imethibitishwa kwamba tohara huzuia virusi vya Ukimwi kwa wanaume.”

Mama hakujua thamani ya p ni mdudu gani. Lakini alikuwa amesahihisha insha kwa miaka kumi na mmoja, na mkono wake ukatafuta kalamu.

“Hii 0.002, mwanangu, ni uwezekano wa jambo gani, na kwa sharti gani?”

“Wa matokeo yale kutokea, mama. Kama tohara haina kazi.”

“Hilo ‘kama’ liko wapi hapa? Sentensi yako imekatwa kichwa. Kishazi tegemezi umekiacha kwenye kikokotoo.”

Naam, kosa lilikuwa hapo, nalo ni kosa linalowaangusha watu wazima wenye shahada. Thamani ya p haisemi lolote kuhusu uwezekano wa dai kuwa kweli. Huanza kwa kulikubali dai la kwamba hakuna lolote lililotokea, kwa muda tu, kama mtu anavyomkubalia mshindani wake ili aone atafika wapi. Kisha huuliza: mambo yangekuwa hivyo, matokeo kama haya, au yanayozidi haya, yangetokea mara ngapi kwa bahati tu? Kukipindua kishazi ni kusema jambo jingine kabisa. Mtu akiwa mwenyeji wa Kisumu, uwezekano kwamba amewahi kula samaki ni mkubwa mno. Mtu akiwa amewahi kula samaki, uwezekano kwamba ni mwenyeji wa Kisumu ni mdogo mno. Vishazi ni vile vile viwili. Kilichobadilika ni kipi kimebeba sharti.

Hapa Kiswahili kina jambo la kujivunia, na ajabu ni kwamba halitajwi mara nyingi tunapolalamika kuwa lugha yetu haina istilahi za sayansi. Kiambishi -nge- kimefanya kazi hii karne nyingi kabla ya takwimu kuzaliwa. Msemaji anapotamka “pasingekuwa na tofauti”, msikilizaji hujua papo hapo kwamba hali inayotajwa imewekwa mezani kwa ajili ya hoja, wala haijaungwa mkono. Tena kiambishi hicho hudai mwenzake: “pasingekuwa” hungojea “ingetokea”, na sikio la Mswahili huona pengo lisipojazwa. Mwanafunzi anayejizoeza kuisema thamani ya p kwa -nge- ana mlinzi ndani ya sarufi yenyewe. Istilahi tunaweza kuzitunga hata kesho. Muundo wa kubebea fikra hautungwi na kamati.

Mama aliendelea na kalamu yake. Akalizungushia duara neno “huzuia”. Hu- ni kiambishi cha mazoea, alimkumbusha bintiye. Ukisema jua huchomoza mashariki umesema la leo, la jana na la miaka yote. Je, wanaume wale wa Kisumu walikuwa wamewakilisha wanaume wote wa dunia na wa nyakati zote? Msichana akafikiri. Walikuwa wamejitolea; hawakuteuliwa kwa bahati nasibu kutoka katika jamii yote. Lakini waligawanywa kwa bahati nasibu. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mtihani ule hauchoki kuitega: kugawanywa kwa bahati nasibu kunampa mtafiti ruhusa ya kusema “ilisababisha”, ilhali kuteuliwa kwa bahati nasibu ndiko kunakompa ruhusa ya kusema “kwa watu wote”. Utafiti wa Kisumu ulikuwa na ruhusa ya kwanza. Ya pili haukuwa nayo, na ndiyo maana ni jambo la maana kwamba majaribio mengine kama huo yalifanyika Orange Farm nchini Afrika Kusini na Rakai nchini Uganda, yakaelekea upande ule ule, kabla Shirika la Afya Duniani na UNAIDS kutoa pendekezo lao Machi 2007. Njeo iliyofaa ilikuwa -li-: ilipunguza. “Kuzuia” nako kulikuwa kumepita kiasi, kwa kuwa wale 22 hawakuzuiliwa kitu.

Neno “imethibitishwa” walilibishania mpaka mama akachelewa kwenda kazini.

Jumapili iliyofuata, akitafuta njia ya kulieleza suala la uthibitisho, msichana alimsimulia mama kisa ambacho vitabu vya somo hilo havikosi. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, miaka ya mwanzo ya 1920, mwanasayansi aliyeitwa Muriel Bristol alidai kwamba angeweza kutambua kwa kuonja kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Ronald Fisher, aliyekuwa mtakwimu wa kituo hicho, alikieleza kisa cha namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1935: vikombe vinane, vinne vya kila aina, vilivyopangwa kwa bahati. Njia za kuchagua vikombe vinne katika vinane ni 70. Asingekuwa na kipawa chochote, angevipata vyote vinne kwa njia moja tu kati ya 70, yaani 0.014.

Mama alicheka. Jikoni kwao, alisema, mabishano hayo yasingezaliwa, kwani maji, majani, maziwa na sukari huingia sufuria moja na kuchemka pamoja. Ila yeye, hata akiwa nusu usingizini, aliijua chai iliyochemshwa hivyo na hii ya wazee wa makao, ya maji ya moto na maziwa ya kumiminia baadaye. Msichana alimwangalia. “Una hakika, mama?”

Chupa mbili za chai zikajazwa. Vikaratasi vinane vikatiwa ndani ya bakuli na kuvutwa kimoja kimoja ili mpangilio usiwe na mkono wa mtu. Mama aliketi akitazama ukuta, akaonja, akanywa maji, akaonja tena, kwa utulivu wa mtahini. Alipomaliza alikuwa amevitambua vikombe vitatu kati ya vinne vya chai ya kuchemshwa; cha nne alikibadilisha na cha kumiminiwa.

Msichana akapiga hesabu kwenye mgongo wa bahasha. Kuvipata vyote: njia 1. Kupata vitatu: mara nne nne, njia 16. Jumla 17 kati ya 70, yaani karibu robo. Asingejua lolote, mama angeweza kufanya vizuri kiasi kile au zaidi mara moja katika kila majaribio manne. Kwa kipimo cha 0.05, dai la kubahatisha halikukataliwa.

“Kwa hiyo unasema siwezi,” alisema mama. Hakuwa akitania tena. Alikuwa ameipika chai ile maisha yake yote.

“Hapana, mama. Sijasema huwezi. Nimesema vikombe hivi vinane havikutosha kunionyesha kwamba unaweza.”

Akanyamaza, kwa sababu alikuwa amejisikia. Sentensi iliyomkataa kwa miezi miwili, ambayo mwalimu wake aliikariri ubaoni hadi ikapoteza maana, kwamba dai la kutokuwepo athari hukataliwa au hukosa kukataliwa lakini halikubaliwi kamwe, ilikuwa imemtoka yenyewe kwa kuchelea kumwonea mamake. Kabla ya siku ile aliiona kama adabu ya watakwimu, namna ya kuzunguka maneno. Sasa aliona kwamba kati ya “huwezi” na “sijaona” pana mtu anayeweza kudhulumiwa. Na vikombe vinane ni mizani butu: kosa moja tu lilitosha kumwangusha mwonjaji mzuri.

Mama pia alikuwa amenyamaza, kwa sababu zake. Aliinuka, akaifungua droo, akatoa barua kutoka chini ya bili. Msichana hakuwahi kuiona. Iliandikwa kwamba, kutokana na stakabadhi zilizowasilishwa, ofisi haikuweza kuthibitisha kwamba mwombaji alikuwa na sifa za ualimu. Kwa miaka minane mama alikuwa ameisoma kama “wewe si mwalimu”. Aliisoma sasa kwa sauti, akiifasiri neno kwa neno, na akakwama kwenye “stakabadhi zilizowasilishwa”. Alikuwa amewasilisha karatasi mbili.

Isidhaniwe kwamba barua ile ilikuwa ya haki kwa kuwa sentensi yake ilikuwa sahihi. Sentensi ya aina hii ni kichaka kizuri cha kujifichia. Anayepima kwa vikombe viwili anajua, au anapaswa kujua, kwamba hatathibitisha chochote, na asipomweleza mpimwa ni vingapi vinavyohitajika amemhukumu kwa njia ya mzunguko. Unyenyekevu wa “hatukuweza kuthibitisha” una maana pale tu anayeutamka alipojaribu kwa dhati kuthibitisha. Hata hivyo barua haikusema alichokuwa akiamini mama kwamba ilisema, na usiku ule aliandika kwa chuo kikuu alichosomea nchini Kenya kuomba nakala rasmi ya matokeo yake yote, na kwa kila shule aliyofundisha. Nakala zilifika Juni. Ofisi ilichukua miezi saba kujibu, na jibu likaomba karatasi nyingine.

Majuma yaliyobakia yalikwenda kwa mazoezi ya kila jioni kabla ya zamu ya mama. Kilichokuwa kigumu zaidi baada ya thamani ya p ni ile asilimia 95. Msichana alikuwa amezoea kusema kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba thamani ya kweli iko kati ya namba hii na ile. Walimu huikata kauli hiyo, na wanafunzi huona wanaonewa. Mama aliitafutia nyavu. Samaki mmoja amelala tuli chini ya ziwa wala hasogei. Kinachobadilika ni mahali wavu unapoangukia. Nyavu mia zikitupwa kwa ustadi ule ule, takriban 95 zitamfunika. Huu wa leo umekwisha kutupwa: ama umemfunika ama haukumfunika, nasi tulio juu ya mtumbwi hatuoni. Tunachokiamini kwa asilimia 95 ni utupaji. Mvuvi wa kweli angepinga kwamba hakuna samaki anayelala tuli, na angekuwa na haki, ila mfano ulitosha.

Katikati ya Aprili mjomba alipiga simu kutoka Kisumu. Katika mazungumzo aliuliza, kwa sababu vijana wake wawili walikuwa wakilizungumzia jambo hilo, kama ilikuwa kweli kwamba mtu akishatahiriwa amekingwa. Mama alimpa bintiye simu. Msichana alikuwa na jibu la alama nne tayari, lakini mjomba hakuwa msahihishaji.

“Mjomba, katika kundi lililopangiwa tohara, vijana 22 waliambukizwa. Katika kundi lililongoja, 47. Hatari ilipungua kwa karibu nusu. Nusu ikabaki.”

“Kwa hiyo mipira bado?”

“Bado, mjomba. Wote wawili.”

Baada ya simu alichukua karatasi ile ya Machi, akazifuta sentensi mbili na kuandika badala yake: “Kama tohara isingekuwa na athari yoyote, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingetokea kwa bahati ya mgawanyo takriban mara mbili tu katika kila majaribio elfu moja. Kwa kuwa uwezekano huo ni mdogo kuliko 0.05, tunalikataa dai la kutokuwepo athari. Upo ushahidi wa kutosha kwamba, kwa wanaume kama wale waliojitolea Kisumu, tohara ilipunguza maambukizi.” Kisha akayafasiri kwa Kiingereza. Mama alisoma matoleo yote mawili na kusema la Kiswahili lilikuwa fupi zaidi. Halikuwa.

Mtihani ulifanywa mwanzoni mwa Mei. Matokeo yalifika Julai, nayo yalikuwa 4. Mama alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka zamu ya usiku. Aliyasoma akiwa amesimama, akayaweka juu ya meza, akauliza ni lini angeonjeshwa chai tena.

Msichana alimkatalia kwanza. Mtu hawezi kurudia jaribio mpaka apate analolitaka, alisema. Idadi huamuliwa kabla, na la kwanza halifutwi. Mama alikubali, lakini alitaka idadi iamuliwe papo hapo, na iwe ya haki. Wakakokotoa pamoja. Kwa vikombe kumi na viwili, sita kwa sita, njia ni 924, na anayekosa kimoja tu bado hubakia na 37 kati ya hizo, yaani 0.04. Mwonjaji angeruhusiwa kuteleza mara moja.

Nyumba haikuwa na vikombe kumi na viwili. Walikwenda kuazima vinne kwa jirani.